Upepo wa tairi kwenye sakiti: mwongozo kamili kwa anayeingia na gari lake mwenyewe

Usiku wangu wa kwanza kwenye sakiti ya Yas Marina, Abu Dhabi, niliingia na psi 40 (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa) katika kila tairi. Jamaa mmoja wa kazini ndiye aliyenishauri: tairi likiwa gumu, alisema, halijikunji kwenye kona. Gari ni Toyota GR86 na matairi yalikuwa mapya. Mzunguko wa pili ulikuwa mtamu. Kufika wa tano, mkia ulikuwa unateleza kwenye kona zilezile nilizozipita vizuri dakika chache nyuma. Nilipotoka na kupima, geji ilisoma 49. Matairi yalikuwa yamevimba katikati kama andazi, yanagusa lami kwa ukanda mwembamba tu, na ukanda huo ulishaanza kulika.

Tangu usiku ule kila namba naiandika. Daftari langu la upepo limeniokolea matairi mengi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Ninayoyaeleza hapa ni ya mtu wa aina yangu. Una gari la kawaida lenye namba za barabarani, unaenda nalo sakiti siku ambazo milango iko wazi kwa watu wote, iwe Yas Marina, Dubai Autodrome, Losail kule Qatar au Silverstone Uingereza, halafu unarudi nalo nyumbani kwa matairi yaleyale. Kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki wanaoshindana na saa kwenye lami, mambo ni hayohayo. Wengi wetu tumekua tukiifuatilia Safari Rally, ambako adui wa tairi ni jiwe. Kwenye lami ya sakiti adui ni joto, na hapo ndipo hesabu zote zinapobadilika.

Namba ya baridi na namba ya moto

Tairi lina namba mbili za upepo. Ya baridi ni ile unayoisoma gari likiwa limelala kivulini saa kadhaa. Ya moto ni ile unayoisoma mara tu unapotoka kwenye mizunguko ya kasi. Kibandiko kilichoko kwenye mlango wa dereva kinataja ya baridi, na waliokiandika walifikiria familia, mizigo na barabara kuu. Hawakufikiria kona kumi na sita mfululizo.

Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi haina pa kwenda. Ikipata moto, msukumo wake unapanda. Kwa matairi ya gari dogo, chukua kwamba kila nyuzijoto 10 zinaongeza takriban psi 1.5, yaani kama bar 0.1. Anza na psi 28 hewa ya ndani ikiwa nyuzijoto 25. Ikifika 75, geji itasoma karibu 35. Anza na 35 ya kibandiko, na katika joto hilohilo utakuta 43. Ndiyo maana anayeingia sakiti na namba ya mlangoni hulalamika kwamba gari lake lilikuwa zuri mizunguko miwili tu.

Kwa hiyo unachokitafuta ni namba ya moto. Ya baridi unaichagua ili ikufikishe huko.

Namba gani ya moto? Kama mtengenezaji wa tairi ametoa maelekezo yake ya sakiti, anza nayo. Kama hakutoa, mimi kwa gari la kilo 1,200 hadi 1,400 lenye matairi ya barabarani ya kimichezo ningelenga psi 33 hadi 35. Gari zito zaidi lenye injini nzito mbele, kama Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution, lipe 36 hadi 38 kwa matairi ya mbele. Vigari vyepesi vya chini ya tani moja vinaweza kushuka hadi 28 au 30. Hizo ni namba za kuanzia tu. Tairi lenyewe litakwambia la kwake, nami nitaeleza jinsi ya kulisikiliza.

Upande wa chini pia kuna ukomo. Sipendi kuona gari kama langu likiingia na chini ya psi 26 za baridi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja kunazaa joto ndani kabisa, mahali ambapo macho hayafiki. Mizunguko ya kwanza gari hulala kwenye kona kama mashua, na ukiligonga kwenye ukingo unaweza kulitoa tairi kwenye rimu.

Jambo moja kwa walioko pwani wanaopanda bara na magari yao. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na hewa ya nje. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na hewa ya nje huko ni nyepesi. Tairi lililojazwa Mombasa, likipimwa Nairobi katika joto lilelile, litasoma karibu psi 3 zaidi bila mtu kuligusa. Panga upepo pale unapokimbilia, kamwe usipange nyumbani ukaishia hapo.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Lalia mgongo ukatazame matairi kwa tochi, ubavu wa ndani pia. Nyufa, uvimbe, msumari, mkato: chochote kati ya hivyo kinakutosha kuahirisha. Tairi lililozibwa pancha kwa utambi liache kwa safari za sokoni. Kwenye sakiti sitaki kuliona.

Kisha soma umri. Ubavuni kuna herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. 3523 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nene (vile vinundu vya mpira vinavyogusa lami) zinazopendeza macho huku mpira wake umeshakauka kama kiatu cha zamani. Mimi tairi lililozidi miaka sita siingii nalo, hata liwe na kashata kiasi gani.

Angalia pia herufi ya kasi. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300. Kwenye mnyoofu mrefu wa Yas Marina gari la kawaida lenye nguvu za kutosha hupita 200 bila taabu, kwa hiyo tairi la T, ambalo mwisho wake ni 190, halina kazi pale.

Namba nyingine inayowachanganya watu ni ile ya ulikaji iliyoandikwa ubavuni, 200, 300, 400 na kuendelea. Ni mfumo wa Marekani. Matairi huendeshwa maili 7,200 kwenye barabara za Texas, kuzunguka mji wa San Angelo, yakilinganishwa na tairi la mfano lenye daraja 100. Kwa hesabu hiyo 400 inapaswa kudumu mara nne ya tairi la mfano. Lakini daraja anajipa mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo 300 ya kampuni moja si lazima ilingane na 300 ya nyingine. Na barabara ya Texas haifanani na sakiti: tairi la 400 lililoundwa kwa starehe linaweza kumomonyoka mabega kwa jioni moja, wakati la 200 lililoundwa kwa joto likatoka linang'aa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: tairi jipya kabisa si bora kwa sakiti. Kashata za milimita 8 ni ndefu, zinayumba kila moja peke yake, na kuyumba huko kunazipasha moto hadi zinachanika. Tairi lililobaki milimita 5 hutulia zaidi. Kama ni mapya, yatembeze barabarani kilomita mia mbili au tatu kwanza, na kipindi cha kwanza cha sakiti ukiendeshe kwa upole, upashe joto polepole kisha upumzike. Ukiweza kuyaacha hadi kesho yake, vizuri zaidi.

Vya kubeba: geji yako mwenyewe yenye kitufe cha kutolea upepo, kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye gari, chaki nyeupe, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza nati), daftari na kalamu. Kuhusu geji sina mjadala. Usitumie ya kituo cha mafuta leo na ya rafiki kesho. Hata kama yako inakosea kwa psi moja, itakosea vilevile kila siku, na ulinganisho wako utabaki wa kweli. Kipimajoto kitakuja baadaye ukipenda.

Na ile habari ya kujaza naitrojeni? Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Kinachovuruga upepo ni unyevu, kwa sababu maji yakigeuka mvuke ndani ya tairi, namba hupanda bila mpangilio. Ukiwa pwani au Ghuba, ambako hewa ina unyevunyevu mwingi, mwombe fundi amwage maji ya tangi la kompresa kabla hajakujazia. Hiyo inakupa sehemu kubwa ya faida ya naitrojeni bila kulipia.

Ukifika sakiti

Nafika mapema kwa makusudi. Nikitoka Dubai, matairi yanaingia Yas Marina yakiwa na moto wa barabara kuu, na namba nitakayosoma wakati huo haifai kuitwa ya baridi. Egesha kivulini, toa mizigo, kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari, sikiliza maelekezo ya usalama. Ipite saa nzima. Kama jua bado lipo, kumbuka upande wa gari unaotazama jua utasoma juu kuliko wa pili, na tofauti ya psi 2 hivi ni kitu nilichokiona zaidi ya mara moja. Ukitoa upepo kwa kufuata namba ile, jua likizama upande huo utabaki na upepo mdogo kuliko wa pili.

Sasa weka upepo wa baridi. Kwa gari langu naanza na 28 pande zote nne kama sakiti ni mpya kwangu. Andika: tarehe, saa, joto la hewa, na namba nne kwa mpangilio uleule siku zote, mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia.

Chora kwa chaki mistari mitatu mifupi kwenye bega la kila tairi, ikianzia juu ya kashata na kushuka ubavuni. Matairi mengi yana kialama kidogo cha pembetatu karibu na bega. Kipindi kikiisha, chaki itakuwa imefutika hadi pale tairi lilipolalia lami. Ikifutika hadi kwenye ncha ya pembetatu au jirani yake, upepo uko sawa. Ikifutika hadi ubavuni, tairi linalalia ubavu wake, upepo ni mdogo au tairi halikulazwa vya kutosha kuelekea ndani ya gari, jambo nitakaloeleza mbele. Ikibaki hata juu ya bega, umejaza mno. Kwa chaki ya bei ndogo kabisa, hakuna kipimo kinachonipa habari nyingi kama hiki.

Kipindi cha kwanza kiendeshe hivi: mzunguko mmoja wa kupasha moto, matairi na breki pamoja. Kisha mitatu au minne ya kasi ya kweli, isiyo na mchezo, kwa sababu ukiendesha kwa uvivu utapima joto la uvivu. Mzunguko wa mwisho punguza ili breki zipoe, lakini usitambae, maana matairi nayo yatapoa na kukudanganya. Ingia piti, yaani sehemu ya kuegesha magari kando ya sakiti, simama, na usivute breki ya mkono. Breki zenye moto zikishikiliwa zinaweza kuharibika, kwa hiyo acha gari kwenye gia au weka kabari. Pima mara moja. Dakika mbili zikipita umeshapoteza psi moja au zaidi.

Tuseme unalenga 34, na geji inasema hivi: mbele kushoto 33.5, mbele kulia 36, nyuma kushoto 33, nyuma kulia 35. Toa upepo wa mbele kulia hadi 34, na wa nyuma kulia hadi 34. Wa kushoto usiuongeze wakati huo, uache. Andika namba kabla ya kutoa na baada ya kutoa. Kipindi kijacho rudia hayohayo. Mara nyingi kipindi cha pili hupandisha tena kidogo, kwa kuwa rimu na breki sasa nazo zina moto. Kufika cha tatu namba hutulia.

Siku nyingine ukirudi sakiti hiyohiyo katika joto linalokaribiana, anza moja kwa moja na baridi iliyosahihishwa. Psi 2 ulizotoa moto ni sawa na psi 1.7 hivi za baridi. Kwa mfano huo, mbele kulia utaanza na 26.3 badala ya 28. Usiku ukiwa wa baridi kuliko mara ile, ongeza kidogo. Ukiwa wa joto zaidi, punguza.

Kwa nini upande mmoja hupanda kuliko mwingine

Yas Marina inazungukwa kinyume na mwendo wa saa. Kona nyingi ni za kushoto, uzito wa gari unatupwa kulia, na tairi la mbele kulia linabeba kazi kubwa kuliko wenzake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 sakiti ina urefu wa kilomita 5.281, na ile kona ndefu ya kushoto yenye mwinamo waliyoijenga mwishoni mwa mnyoofu wa pili inalishikilia tairi hilo muda mrefu bila kupumua. Silverstone na Losail ni kinyume chake: zinafuata mwendo wa saa, na anayeteseka ni wa kushoto.

Silverstone ilionyesha jambo hili mbele ya dunia nzima tarehe 2 Agosti 2020. Katika mizunguko ya mwisho ya mashindano ya Fomyula Wani, tairi la mbele kushoto la Valtteri Bottas lilipasuka, kisha la Carlos Sainz, kisha la Lewis Hamilton, ambaye hata hivyo alikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho, akiwa na matairi matatu mazima. Yote matatu ni ya mbele, yote ni ya kushoto. Madereva walikuwa wamekwenda mizunguko inayokaribia 40 kwa seti moja. Wiki iliyofuata, kwenye sakiti hiyohiyo, Pirelli, kampuni inayotengeneza matairi ya mashindano hayo, ilipandisha kiwango cha chini cha upepo.

Sisi hatuna nguvu za magari yale, lakini hesabu ya pande ni ileile. Jua sakiti yako inazungukwa upande gani, na kila baada ya kipindi kagua kwanza tairi linaloteseka. Ukirudi nyumbani badilisha pande, kulia kwenda kushoto, ili yalike kwa usawa. Matairi yenye maandishi ya upande wa nje yanabadilika bila shida, mradi upande wa nje ubaki nje. Yale yenye mshale wa mwelekeo yanahitaji kuvuliwa kwenye rimu na kuvalishwa upya.

Kipimajoto, ukiwa nacho

Kuna cha kuelekeza kama bunduki na kuna cha sindano. Cha bunduki husoma ngozi ya tairi, na ngozi hupoa kabla hujashuka garini. Sindano huingia milimita chache ndani ya mpira na kusoma joto la kweli. Choma sehemu tatu za uso wa tairi: ndani, katikati, nje. Anza na tairi linaloteseka.

Katikati pakiwa na moto kuliko pembeni, upepo ni mwingi. Pembeni kote kuwili pakizidi katikati, ni mdogo. Nje pakizidi ndani kwa mbali, tatizo si upepo, ni kemba, yaani jinsi tairi linavyolala kichwa chake kuelekea ndani ya gari. Matairi mengi ya kimichezo ya barabarani hufurahia kati ya nyuzijoto 70 na 100. Ukiona yanapita 110, ondoka upumzike kipindi kizima.

Hapa ndipo niseme jambo ambalo lingenipunguzia gharama mwaka wangu wa kwanza. Magari ya barabarani hutoka kiwandani na kemba ndogo sana. Kwenye kona ya kasi gari hulala, tairi hulala nalo kwenda nje, na bega la nje linabaki likisaga lami peke yake. Unaweza kucheza na upepo hadi kuche, bega hilo litaisha tu, huku ndani bado kuna milimita 6. Kwenda kwa fundi wa alaimenti na kuomba mbele zilale kiasi cha nyuzi 2 hadi 2.5 kuelekea ndani kulibadilisha maisha ya matairi yangu kuliko kitu kingine chochote. Baadhi ya magari yanahitaji bolti maalumu ili kufika huko. Fundi akishalaza tairi, ahakikishe matairi ya mbele bado yanatazama mbele sawasawa. Yakipishana, hata mnyoofu wa barabarani utayala.

Kuendesha kwa mkono unaojua tairi

Upepo sahihi hauwezi kumwokoa dereva anayelisaga tairi kwa usukani. Kosa kubwa kwa wageni wa sakiti ni hili: anaingia kona kwa kasi iliyozidi, pua inakataa, naye anaongeza usukani. Tairi la mbele lilishafika mwisho wa uwezo wake. Kuongeza usukani hakuongezi mshiko, kunaongeza moto na kumenya bega. Fanya kinyume: legeza usukani kidogo, ondoa mguu kwenye mafuta, subiri pua irudi, kisha endelea.

Sikiliza. Tairi likiwa karibu na kikomo huimba, sauti nene ya kuendelea. Likipitiliza hupiga yowe jembamba. Kuimba kunavumilika. Yowe katika kila kona maana yake unalipia kasi usiyoipata.

Breki zikanyage kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha uziachie taratibu kadri unavyozungusha usukani. Ukikosea ukafunga gurudumu kwenye gari lisilo na ABS (mfumo unaozuia gurudumu kufunga), tairi hupata bapa sehemu moja, na kuanzia hapo litatetemesha usukani hadi siku utakapolitupa.

Ile mizunguko mitano, kumi, kumi na tano mfululizo ambayo watu huiona kama thamani ya pesa yao, achana nayo. Mizunguko minne ya kasi, mmoja wa kupoza, minne tena. Matairi yatadumu zaidi na wewe utajifunza zaidi, kwa sababu utakuwa unaendesha kwenye mshiko unaofanana kila mara. Nje ya mstari wa mbio kuna makombo ya mpira na, kwa sakiti za Ghuba, mchanga unaopeperushwa kutoka jangwani. Ukipita huko na tairi la moto vyote vinaganda. Nusu mzunguko wa upole utavisafisha, usishtuke gari likiteleza kona moja au mbili.

Kingo za rangi kwenye kona ziogope zaidi ya unavyodhani. Mwaka 2023 Losail, baada ya mazoezi ya Ijumaa, Pirelli waliyapasua matairi ya Fomyula Wani na kukuta tabaka za ubavuni zimeanza kuachana, kwa sababu ya kugongwa mfululizo na kingo za pembepembe. Mashindano yakaendeshwa kwa amri kwamba hakuna seti itakayozidi mizunguko 18. Kwa nje hakuna kilichokuwa kinaonekana. Ukingo ulio bapa uguse. Uliochongoka uache.

Kusoma uso wa tairi

Uso uliolika vizuri ni mkavu, wenye mikwaruzo midogo ya kufanana, rangi nyeusi isiyong'aa. Ukiona vipande vidogo vya mpira vimejikunja kama makombo ya kifutio, tairi limeteleza likiwa bado halijapata moto wa kutosha, au linasukumwa pembeni kupita kiasi. Anza kipindi taratibu zaidi.

Malengelenge, yaani vishimo na vivimbe vidogo kwenye kashata, ni dalili ya moto wa ndani. Kashata zinazonyofoka vipande pembeni ni moto pia, mara nyingi pamoja na upepo mdogo. Katikati palipolika kuliko pembeni, kama mimi usiku ule, upepo ulizidi. Kashata zenye makali upande mmoja na laini upande wa pili, ukizipapasa kwa kiganja, rudi kwa fundi wa alaimenti.

Ndani ya mifereji kuna vijiti vya mpira vilivyo na kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo, tairi halifai tena barabarani, na kwa kuwa hili ndilo linalokurudisha nyumbani, mimi naliacha likibaki milimita 3 penye ulikaji mkubwa. Ukiona waya au nyuzi za ndani, hata mahali padogo kama ukucha, siku yako imeisha. Usiombe mzunguko mmoja wa mwisho.

Mvua ikinyesha

Ghuba hutokea mara chache, nyumbani mara nyingi. Lami yenye maji haipandishi joto, kwa hiyo upepo wa baridi wa siku kavu utakuacha chini mno. Ongeza psi 3 hivi kwenye baridi yako. Mifereji ndiyo inayotoa maji, basi tairi la milimita 3 lililokuwa tamu kwenye ukavu sasa ni hatari. Kaa pembeni unywe chai.

Kabla ya kuwasha gari kurudi

Hii ndiyo hatua inayosahauliwa, na ndiyo ninayoiogopa. Upepo ulioutoa wakati wa moto haujirudishi. Tairi uliloacha na 34 ya moto litashuka hadi 27 likipoa, na unaingia barabara kuu ya kilomita 120 kwa saa au zaidi, umechoka, saa tano usiku, pengine na abiria. Mwezi wa pili wa safari zangu niliondoka hivyo. Karibu na Jebel Ali usukani ukawa mzito na gari likawa linaelea kidogo kila nikibadilisha njia. Nilisimama mahali pa mizigo, nikapima: mbele kulia 25. Ubavu wake ulikuwa na moto wa kunifanya niondoe mkono.

Sasa utaratibu wangu haubadiliki. Kipindi cha mwisho kikiisha naacha gari lipoe angalau nusu saa. Wakati huo nakaza nati tena kwa spana ya torki, nakagua mabavu ya ndani kwa tochi, nachomoa vijiwe kwenye kashata. Kisha kompresa: tairi moja baada ya jingine hadi namba ya kibandiko, na kwa kuwa bado yana uvuguvugu naongeza psi 2 juu yake. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, napima tena yakiwa baridi na kuandika mstari wa mwisho wa siku ile kwenye daftari, chini ya ile mingine: kushoto, kulia, kushoto, kulia.